Popote Ila Saskatchewan

Pala, Kerala, India
3 Juni 2018

Baba Mdogo Joykutty,

Shikamoo. Hunijui, kwa hiyo nianze na jina. Mimi ni Merin, binti wa kaka yako Kuriachan. Ulipoondoka kwenda Kanada nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Nyumbani wote wanapumua. Bibi macho yamepungua lakini masikio yapo. Kifuniko cha sufuria kikiguswa tu jikoni, anauliza kuna nini. Mama anasumbuliwa na magoti. Mvua zimeanza, Baba hajagema mpira wiki nzima, na wewe unamjua Baba akikosa kazi. Anapanga upya kuni ambazo zilikuwa zimepangika.

Anwani yako nimeitoa kwenye kadi za Krismasi unazomtumia Bibi. Anazilalia chini ya godoro. Jina lako halitajwi mezani kwetu. Ninayoyajua ni ya kudokoa: kwamba ulikuwa padri, ukatumwa kuhudumu Saskatchewan, ukaacha upadri ukaoa mwanamke wa huko, na Baba akaishusha picha yako ukutani. Alama ya msumari bado ipo.

Sasa nilichokuandikia. Nimemaliza chuo na ninataka kwenda Kanada kusoma zaidi. Hapa kila mtu anakwenda. Rafiki yangu Ansu anasema hata kuku wa Pala siku hizi wanaulizia viza. Wakala wetu, Bwana Sabu, ana ramani ya Kanada ukuta mzima, majimbo yote kwa rangi, lakini kidole chake kinajua njia moja tu. "Ontario, binti. Wenzako wote wako Ontario." Nikamuuliza, na haya mengine? "Hayo mengine ni theluji tu." Nilipomuuliza Baba, alisema, "Popote, ila Saskatchewan." Mama akainamia sahani yake.

Wewe ndiye damu yangu pekee iliyoyaona hayo majimbo kwa macho. Niende lipi?

Usiniandikie nyumbani, Baba ndiye anayepokea barua zote. Andika kwa anwani ya duka la mikate la mama yake Ansu, lililo pale darajani. Na kama hutaki kujibu, nitaelewa.

Msalimie sana Mama Mdogo.

Mwanao,
Merin


Dolyna, Saskatchewan
27 Juni 2018

Mwanangu Merin,

Marahaba. Barua yako nimeisomea ndani ya gari, nje ya posta. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Univumilie mwandiko, herufi zetu zimeshika kutu mkononi mwangu, na hapa hakuna wa kunisahihisha.

Huku ni joto na mbu. Mimi huendesha basi la shule. Sasa shule zimefungwa, kwa hiyo nakata majani, ya uwanjani na ya makaburini. Wakulima wanasema mwaka huu ngano itakubali.

Umeniuliza majimbo. Wakala wako hakukudanganya kuhusu Ontario, ila hakumaliza. Wenzako wapo, na utawasikia dukani wakigombana kwa Kimalayalam chetu juu ya bei ya samaki. Lakini mtalala wengi chini ya nyumba ya mtu, kwenye vyumba visivyo na dirisha, na asubuhi mtagombania bafu. British Columbia ina mvua kama yetu na milima, na nyumba zake ni za matajiri. Quebec watakudai Kifaransa. Manitoba wana baridi, lakini wanaishi vizuri na wageni. Kama ungekuwa binti yangu ningekupeleka Nova Scotia. Nilikwenda mara moja. Kuna bahari, kuna ukungu, watu wanasalimiana barabarani hata wasiojuana. Mtu aliyekulia Pala hawezi kuishi mahali wasiposalimiana.

Huku kwetu hakufai.

Bibi bado anakunywa kahawa nyeusi na sukari guru? Usimwambie nimeuliza. Au mwambie.

Joykutty


Pala
20 Julai 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo, na asante. Nilimwambia Bibi. Akasema, "Mwambie nainywa, ila siku hizi guru halina utamu." Halafu akaniomba nimsomee barua yako tena, taratibu, kama anayesikiliza injili.

Mama amepata dawa ya magoti. Baba amepata kikohozi, na hataki kukubali kwamba ni kikohozi.

Nova Scotia nimeiwekea alama. Bwana Sabu alicheka. "Huko utasoma na samaki." Nikamwambia samaki siwaogopi, ninaoogopa ni watu wa bafuni. Lakini Baba Mdogo, umenieleza majimbo mengi kwa uzuri, na lako ukalimaliza kwa maneno matatu. Hakufai kwa nini? Baridi? Vyuo? Au ni kwa sababu ya Baba?

Na Mama Mdogo hukumtaja. Anapenda chakula chetu? Unampikia muhogo na samaki wa kukaanga? Niambie habari zake. Ni mke wa baba yangu mdogo, na simjui hata sura.

Mwanao,
Merin


Pala
16 Septemba 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nadhani umeona kwenye habari yaliyotufika. Tuko hai wote. Maji yalipanda kwa siku chache tu lakini yamekula kazi ya miaka. Nyumba yetu iko juu, haikuguswa, ila shamba la bondeni limekuwa ziwa na ng'ombe mmoja amekwenda na maji. Tulilaza watu kanisani na shuleni. Baba alibeba wazee mgongoni kutoka upande wa mtoni, mmoja baada ya mwingine, na kikohozi kile kile. Bibi alikataa kuondoka kitandani kwake. Alisema kuna vitu vyake chini ya godoro.

Baada ya hayo Baba ameacha kubishana nami kuhusu kusafiri. Alisema, "Nenda. Hapa hata ardhi haisimami." Nimeomba Nova Scotia, chuo kimoja cha mji wa Sydney, na wamenikubali kwa muhula wa Januari. Majirani wanadhani nakwenda Australia, nimechoka kuwasahihisha.

Nikishafika nitakuwa nchi moja na ninyi. Mwambie Mama Mdogo ajiandae, nataka anifundishe kupika vyakula vya huko, na mimi nitamfundisha jinsi ya kukufokea kwa Kimalayalam. Msalimie sana, sana.

Mwanao,
Merin


Dolyna
21 Oktoba 2018

Merin,

Nashukuru mko hai. Niliyatazama maji yale kwenye televisheni kila siku. Nilipiga simu ya nyumbani. Ilipoanza kuita, nikakata.

Nova Scotia ni chaguo zuri. Nguo za baridi usinunue huko kwenu, watakuuzia mashuka yenye vifungo. Nunua ukifika.

Zile salamu zako sina pa kuzifikisha.

Joykutty


Pala
2 Desemba 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ni fupi, na bado nimeisoma wiki nzima. Nimejiuliza nimekosea wapi. Huenda ni ule utani wa kukufokea. Huenda Mama Mdogo hataki salamu kutoka nyumba hii, na kama ni hivyo simlaumu, maana hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumpa hata moja. Nisameheni nyote wawili.

Viza imetoka. Bwana Sabu amenipiga picha nimeshika pasipoti, ameibandika ofisini kando ya ramani, na chini ameandika kwamba ameniongoza yeye. Naondoka baada ya Krismasi. Mama analia akikaanga vitu vya kufungasha. Baba amenifungia sanduku kamba mara mbili na kulifungua mara mbili.

Jana Bibi alinishika mkono. "Utamwona?"

"Kanada ni kubwa, Bibi."

"Hata Pala ni kubwa," akasema, "ukiwa hutaki kuonana na mtu."

Merin


Sydney, Nova Scotia
20 Januari 2019

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimefika. Sijui kama unataka barua zangu tena, lakini sina mwingine wa kumwandikia habari hizi. Nyumbani nawaambia niko sawa.

Nimepanga chumba cha juu kwa mama mmoja mjane. Ni mwema, ananiachia taa ya ngazi, lakini siku nzima anazungumza na televisheni yake na nahisi ningeingilia. Wanafunzi wa kwetu wapo wengi chuoni. Wanakaa upande wa pili wa mji, wanasoma asubuhi na jioni wanakimbilia kazini. Tunaonana kwenye korido, tunaulizana umekula, tunaachana. Na uliniambia watu wanasalimiana barabarani. Ni kweli. Wanakusalimia vizuri kabisa, halafu wanapita.

Jumamosi ilinijia kwamba tangu asubuhi sijasema neno. Theluji ilikuwa imezuia mlango. Nilikuwa napika, nikasema "chumvi" kwa sauti, ili nijisikie tu. Nikaona aibu kama vile kuna mtu amenisikia.

Nilidhani nikifika Kanada nitakuwa karibu nawe. Nimetazama ramani. Kutoka hapa kuja kwako ni mbali kuliko Pala hadi Kashmir, kaskazini kabisa mwa India. Kwa nini ulinipeleka mbali hivi, Baba Mdogo? Nipe namba ya simu basi, hata mara moja.

Merin


Dolyna
3 Februari 2019

Mwanangu Merin,

Marahaba. Kabla ya yote, kula. Sauti ya barua yako ni ya mtu asiyekula. Tafuta ule muhogo wa kugandishwa, upo kwenye maduka ya Wafilipino, hata huko hawakosekani.

Namba ya simu sikupi, na usidhani ni hasira. Kwenye karatasi naweza kusimama, nikafuta, nikaanza tena. Nikisikia sauti ya kwetu sijui nitafanya nini.

Nimekuwa nikikukasirikia tangu barua yako ya Septemba, na sasa uko peke yako kwenye theluji, naona si haki nikukasirikie bila wewe kujua sababu. Agosti nilikuandikia kurasa nne. Nilikueleza kwamba mke wangu, Orysia, alifariki Novemba ya mwaka juzi. Hakuna mtu wa kwetu niliyekuwa nimemwambia. Wewe ndiye wa kwanza. Kisha ikaja barua yako yenye mafuriko, yenye ng'ombe, na mwishoni unamtumia marehemu salamu na kumwomba akufundishe kupika. Hata pole haikuwemo. Nilikaa nayo mezani nikasema, basi wamekubaliana nyumbani. Hata kifo chake hakitajwi.

Kama nimekudhania vibaya, niambie.

Joykutty


Sydney
16 Februari 2019

Baba Mdogo,

Pole. Pole sana, Baba Mdogo. Naanza na hiyo kwa sababu imechelewa kuliko kitu chochote nilichowahi kuchelewa.

Sikuipata barua ya Agosti. Nilimpigia Ansu jana, akamwamsha mama yake. Mama yake anakumbuka: bahasha ya Kanada ililetwa siku moja kabla maji hayajaingia dukani. Aliiweka rafu ya juu ili unga usiichafue. Asubuhi yake rafu, tanuri, magunia, vyote vilikuwa chini ya tope. Hakuniambia kwa sababu walipoteza duka zima na barua ilimtoka kichwani. Alilia kwenye simu akasema, "Mwambie mjomba wako anisamehe." Nikamwambia si mjomba, ni baba mdogo, na mimi nikaanza kulia kwa hilo dogo.

Nilikuwa nimengoja jibu lako muda wote. Niliona haya kukuuliza mbona hujibu. Mtoto hamdai mkubwa jibu, ndivyo tulivyolelewa. Laiti ningekosa adabu mara moja.

Sasa ninajua kwa nini Saskatchewan haikufaa, au nadhani najua. Ningejua Agosti, ningechagua kwako. Naweza bado. Nimeuliza ofisini, inawezekana kuhamia chuo cha huko mwezi wa tisa. Nitakuja. Na naomba ruhusa nimwambie Baba kuhusu Mama Mdogo Orysia. Bila ruhusa yako sisemi.

Mwanao,
Merin


Dolyna
3 Machi 2019

Mwanangu,

Maji. Sikuyawaza maji hata mara moja, na nilikuwa nayatazama kila siku kwenye kioo cha televisheni. Mwenye kidonda hudhani kila mkono unakuja kukitonesha. Mwambie mama yake Ansu hana kosa.

Nimesoma ile pole yako nikasimama nikatembea nyumba nzima. Ni ya kwanza kwa lugha yetu. Majirani hapa ni watu wema, usije ukafikiri vingine. Siku ya mazishi walileta vyakula, wakala nami, wakaosha vyombo, wakavipanga kabatini mahali si pake, na walipoondoka walizima hata taa ya barazani ili nisisumbuke. Lakini kanisani nilikaa benchi la wafiwa peke yangu. Padri wao aliniuliza kwa upole kama tungoje ndugu zangu. Nikasema wako njiani, tuanze tu.

Unataka kumjua. Alikuwa mkulima kabla hajawa mke wangu, mikono yake mikubwa kuliko yangu. Nilipokuwa padri hapa yeye ndiye aliyekuwa akiwasha tanuru la kupasha kanisa joto Jumapili kabla ya misa. Hakuwahi kuniomba niache chochote. Niliacha mwenyewe, na Kuriachan alipokataa kupokea simu yangu, Orysia alisema, "Endelea kutuma kadi." Kadi zote, aliyezichagua ni yeye.

Kuhusu kuja. Unadhani nilisema huku hakufai kwa sababu sikutaki. Nilitaka uje, Merin. Nilipopata barua yako ya kwanza nilikwenda nikafungua kile chumba cha nyuma, nikakifagia, nikapima dirisha kwa pazia. Halafu nikakaa kitandani nikajiuliza namwitia nani huyu mtoto. Hapa kuna mlingoti wa bendera, ghala la ngano, posta, na mimi. Mtu mpweke asiulizwe njia. Atakuelekeza nyumbani kwake. Ndiyo maana nikakupeleka mbali kadiri ramani ilivyoruhusu. Sikujua kwamba upweke unaweza kukutangulia hata huko.

Usihame kwa kunihurumia. Ukihama, hamia chuo, usimhamie mzee. Mwezi wa tisa uko mbali, fikiria.

Baba yako, mwambie ukitaka. Mimi sikuombi, na sikukatazi.

Joykutty


Sydney
29 Aprili 2019

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pasaka imepita vipi? Mimi nilikula na mama mwenye nyumba. Aliipunguza sauti televisheni, akanipa nyama mara mbili. Theluji imebaki kwenye kona za barabara tu, nyeusi kama makaa.

Nilimwambia Baba. Nilingoja mpaka Kwaresima iko ukingoni. Mama alikuwa amempa simu ili anisalimie tu, unamjua, huwa anauliza nimekula halafu anairudisha.

"Baba, Baba Mdogo Joykutty amefiwa na mkewe."

Nilikuwa namsikia anavyopumua.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Novemba."

"Nani alikaa naye?"

"Hakuna. Majirani."

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Saskatchewan ni mbali na ulipo?" Nikasema ni mbali sana. Akasema, "Sawa," akampa Mama simu. Siku ya pili nikapata ujumbe kutoka simu ya Mama, picha ya karatasi, lakini mwandiko wa kujikunja ule ni wa Baba: niandikie jina la marehemu vizuri, herufi kwa herufi.

Haya yanayofuata ameniambia Mama. Jumapili baada ya Pasaka Baba alikuwa ameomba misa ya marehemu wa nyumba yetu. Padri akaanza kusoma majina. Babu. Shangazi Thresia. Yule mtoto wa kwanza wa Bibi. Akafika kwenye jina lingine akakwama. "O... Or..." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Kanisa lote lilikuwa likingoja. Baba akasema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Orysia." Padri akalirudia.

Bibi alikuwa amekaa kando ya Mama. Hakuuliza kitu, alijifunika uso kwa shela. Aliyeuliza ni bibi mmoja wa benchi la nyuma. Alimwinamia Baba begani, "Kuriachan, huyo ni nani wenu?"

Baba hakugeuka.

"Mke wa mdogo wangu," akasema.

Hajasema kwamba atakuandikia, na mimi sitasema kwa niaba yake. Kuhusu mwezi wa tisa bado nafikiria, kama ulivyoniagiza. Lakini nimeona nikuandikie hili leo leo, kabla posta haijafungwa.

Mwanao,
Merin